Eldadi na Medadi Nje ya Hema: Kadi ya Chama na Haki ya Kuongoza

Katika sura ya 11 ya kitabu cha Hesabu tunamkuta Musa amelemewa. Watu wananung'unika juu ya chakula, naye anamweleza Mungu waziwazi kwamba mzigo wa taifa zima haubebeki na mtu mmoja. Mungu hamkemei. Anamwagiza akusanye wazee 70 na kuwasimamisha kuizunguka hema, ili sehemu ya roho iliyo juu yake iwekwe juu yao. Ikawa hivyo. Lakini wazee wawili, Eldadi na Medadi, hawakwenda hemani. Majina yao yalikuwa yameandikwa pamoja na ya wenzao, ila wao walibaki kambini, na roho ikawashukia hukohuko walikokuwa, wakatabiri. Kijana mmoja akakimbia kupeleka habari. Yoshua, msaidizi wa Musa, akamsihi bwana wake awakataze. Musa akamuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akasema angetamani watu wote wa Bwana wawe manabii.

Kisa hiki huhubiriwa mara nyingi tunapofundisha juu ya karama. Sisi tunaomba kisomwe pia tunapofundisha juu ya utawala, kwa kuwa chanzo chake ni utawala. Kilianza kwa kiongozi aliyeelemewa, kikaendelea kwa kugawana madaraka, kikaishia kwenye swali ambalo taifa letu halijalijibu hadi leo: je, mtu anayefaa kuwatumikia watu ni lazima kwanza apite kwenye hema fulani?

Katika Tanzania hema hiyo inaitwa chama cha siasa, na kibali cha kuingia kinaitwa kadi. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1977 inataka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa nacho. Ibara ya 67 inataka hivyohivyo kwa mbunge. Ibara ya 71 inakwenda mbele zaidi: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, anapoteza ubunge, hata kama wapiga kura wake bado wanamtaka. Masharti ya namna hii yanashuka hadi udiwani, na katika chaguzi za serikali za mitaa hadi uenyekiti wa kijiji na wa kitongoji. Tunataka kuyapima masharti haya kwa Neno la Mungu na kwa historia yetu wenyewe, pamoja na juhudi zilizofanywa kuyarekebisha. Hoja yetu ni kwamba mageuzi ya mwaka 1992 yalituongezea hema bila kuifungua kambi, na kwamba kambi isipofunguliwa serikali itabaki mikononi mwa chama kimoja hata vyama vikiwa 20.

Kabla ya kadi

Ni vema tukumbuke kwamba sharti hili halikuzaliwa pamoja na taifa. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, ule uliotutangulia kuingia katika uhuru, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt. Sarwatt hakuwa mpinzani wa TANU. Alikuwa mwanachama wake aliyesimama mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Watu wa Mbulu walimjua, wakamchagua, naye akaketi bungeni. Nchi haikuvunjika. Uhuru ulikuja mwaka uliofuata kwa amani.

Mlango ulifungwa mwaka 1965, Katiba ya Muda ilipoweka mfumo wa chama kimoja. Tuwe wakweli: hata ndani ya mfumo ule kulikuwa na pumzi kidogo. Katika kila jimbo wananchi waliletewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na katika uchaguzi wa mwaka huohuo baadhi ya mawaziri walipoteza viti vyao. Lakini aliyeamua ni nani wawe hao wawili alikuwa chama. Mwaka 1975 ukuu wa chama uliandikwa kwenye Katiba yenyewe, na baada ya TANU na ASP kuungana mwaka 1977 na kuzaliwa CCM, chama kiliendelea kushika hatamu. Tunalijua neno hilo vizuri: hatamu ni kamba ya kumwongozea farasi. Anayeishika ndiye anayeamua njia, na farasi haulizwi.

Sisi wa Karagwe tulikuwa tumezoea kuongozwa kwa namna hiyo tangu zamani za Bweranyange. Omukama hakupigiwa kura. Utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963 tulifurahi kwamba sasa mamlaka yangetoka kwa watu. Kabla hatujajifunza vizuri kuyashika, yalikwisha kuhamia kwenye ofisi ya chama. Hata vyama vyetu vya ushirika, ambavyo wakulima wa kahawa wa mkoa huu walivijenga kwa jasho lao tangu wakati wa mkoloni, vilivunjwa kwa amri ya serikali mwaka 1976, na kahawa yetu ikawekwa chini ya mamlaka ya zao. Ilipofika mwaka 1982 sheria ikaruhusu ushirika urudi. Katika miaka ile sita tulionyeshwa jambo moja: pale chama na serikali vinapokuwa kitu kimoja, hakuna kikundi cha watu kinachoweza kusema, "Hiki ni chetu."

Kile Tume ya Nyalali ilichosikia

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Tume ilisikiliza watu zaidi ya 36,000. Takriban asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 21 na kidogo walitaka vyama vingi. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, nayo serikali ikakubali. Mwaka 1992 Katiba ikarekebishwa na Sheria ya Vyama vya Siasa ikatungwa.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba pendekezo lile liliwadharau walio wengi. Sisi tunaona ni moja ya nyaraka zilizo karibu zaidi na roho ya Injili kati ya zote ambazo dola yetu imepata kuziandika. Tume ilitambua kwamba wengi wa wale waliotaka chama kimoja walitaka pia mabadiliko makubwa ndani yake. Ikatambua kwamba haki ya mtu haiondolewi kwa kuwa wenzake ni wengi kuliko yeye. Mchungaji anayewaacha kondoo 99 kumtafuta mmoja hafanyi hivyo kwa kuwachukia wale 99.

Lakini Tume ilipendekeza mambo mengi zaidi ya kuruhusu vyama. Ilitaja sheria zipatazo 40 zilizobana uhuru wa watu, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Ikapendekeza pia safari ya kuandika Katiba mpya. Serikali ilichukua lile pendekezo la kwanza kwa haraka, na mengine mengi ikayaacha yakae kabatini. Vyama vipya vilisajiliwa, lakini vilipanda kwenye Katiba ileile iliyotungwa kwa ajili ya chama kimoja. Ni kama kumkabidhi mgeni chumba katika nyumba ambayo milango yake yote inafunguliwa kwa ufunguo wa mwenyeji.

Mchungaji aliyegonga mlango

Mwaka 1993 mtumishi wa Mungu aliugonga mlango huo. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu akidai, pamoja na mengine, kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Wengi wetu tunamkumbuka Mtikila kwa ukali wa ulimi wake, na si kila alilolisema tungelisema sisi. Lakini katika hili alisimama mahali pa Eldadi na Medadi.

Mwezi Oktoba 1994 Jaji Lugakingira alimpa haki. Kabla hata hukumu haijasomwa, serikali ilikuwa imekwisha kupeleka bungeni muswada wa kubadilisha Katiba ili mlango ubaki umefungwa. Muswada ukapita, ukawa sheria mapema mwaka 1995, kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki kwa mara ya pili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema jambo hili ni la kisiasa na lipelekwe bungeni. Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake, na ikaagiza sheria irekebishwe. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao raia asiye na chama, kama kawaida, hakuruhusiwa kugombea. Mwaka 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda wenyewe kwenye mahakama hiyo ya Arusha.

Tukiitazama safari hiyo ya miaka 20, tunaona kasoro ambayo wanasheria wanaweza kuipa jina lao na sisi tunaipa letu. Mahakama ya Rufani ilisema waulizwe wabunge. Lakini wabunge wote waliingia bungeni kwa kadi, na kadi hiyo ndiyo inayowabakiza humo. Kuwauliza wao kama mlango ufunguliwe ni kama kumwachia Yoshua peke yake aamue habari za Eldadi. Yoshua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwaminifu kwa bwana wake, na uaminifu wake ndio uliomfanya aseme, "Wakataze." Ndiyo maana ilimbidi Musa mwenyewe aseme neno lingine.

Rasimu mbili, kipimo kimoja

Nafasi kubwa zaidi ya kuifungua kambi ilikuja kati ya mwaka 2012 na 2014. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni. Rasimu yake ya pili, iliyotolewa Desemba 2013, ilizungumzwa zaidi kwa sababu ya serikali tatu, na kelele za serikali tatu zilifunika mambo ambayo sisi watu wa vijijini tungeyaelewa upesi. Rasimu ilimruhusu mgombea huru. Iliweka ukomo wa ubunge kuwa vipindi vitatu. Iliwapa wapiga kura uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha. Ilitenganisha uwaziri na ubunge, ili anayeisimamia serikali asiwe haohao wanaoiendesha. Na katika tunu za taifa iliandika uadilifu, uwazi na uwajibikaji.

Rasimu hiyo ikapelekwa kwenye Bunge Maalumu. Humo waliingia wabunge wote na wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, pamoja na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais, wakiwamo 20 kutoka taasisi za dini. Aprili 2014 kundi la UKAWA lilitoka nje, na waliobaki waliendelea hadi Oktoba walipopitisha Katiba Inayopendekezwa. Tukiziweka nyaraka hizi mbili mezani, tunaona kilichobaki na kilichoondoka. Uwezo wa wananchi kumwondoa mbunge uliondoka. Ukomo wa ubunge uliondoka. Mawaziri walirudi kuwa wabunge. Uadilifu, uwazi na uwajibikaji havikubaki kwenye orodha ya tunu. Vilipewa nafasi kati ya misingi ya utawala bora, na Jaji Warioba mwenyewe alisikitika hadharani.

Katika Kumbukumbu la Torati 17 Mungu anaweka sharti la mfalme wa Israeli. Asijizidishie farasi, wala wake, wala fedha. Ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Mtawala, kwa mujibu wa maandiko haya, si mwandishi wa sheria inayomhusu. Anainakili ile aliyoikuta imewekwa. Kosa la Bunge Maalumu, kwa kipimo hiki, lilikuwa katika utungaji wake kabla halijawa katika ibara zake. Wabunge walipewa kalamu ya kuandika ukomo wa ubunge. Haikushangaza kwamba waliufuta.

Lakini haki itendeke pande zote. Katika Katiba Inayopendekezwa mgombea huru alibaki. Jambo hili husahauliwa na wote, wanaoipenda na wanaoichukia. Maana yake ni kwamba mwaka 2014 wajumbe wengi wa chama tawala walikubali, kwa kura zao wenyewe, kwamba raia asiye na kadi anaweza kugombea. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Sheria mpya za uchaguzi za mwaka 2024 ziliipa tume jina la Tume Huru, lakini kwa mgombea huru ziliacha mlango kama ulivyokuwa. Kwa hiyo Mkristo anayedai mlango huu ufunguliwe hawezi kuitwa mwasi. Anadai kile ambacho wenye hema walikwisha kukubali kwa maandishi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu Nyaishozi

Pengine msomaji atasema: sisi hatutagombea urais. Ni kweli. Lakini sharti la kadi linatuuma zaidi huku chini kuliko huko juu.

Tulio karibu na mpaka tunajua uzito wa neno la mwenyekiti wa kitongoji na wa kijiji. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mkoa wetu na mikoa jirani, swali lilikuwa: huyu ni wa hapa au si wa hapa? Unapoomba kitambulisho cha taifa, swali ni lilelile. Barua inaanzia kitongojini. Shamba la migomba linapogombaniwa, ushahidi unaanzia kitongojini. Na wapo hadi leo wazee wetu wanaoanza na balozi wa nyumba kumi, ambaye tangu mwaka 1992 ni kiongozi wa chama na si wa serikali, kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa mahali ambapo kimoja kinaishia na kingine kinaanzia.

Sasa fikirini uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji. Uchaguzi wa Novemba 2024 nao uliishia karibu na hapohapo. Katika vijiji vingi hapakuwa na kura ya ushindani. Hapa ndipo mgombea binafsi angekuwa na maana. Kijijini tunajuana. Tunamjua anayelipa deni, anayetunza mjane wa kaka yake, anayesema kweli kwenye baraza. Huyo, ikiwa hana kadi, au ana kadi ambayo fomu yake imeenguliwa, hawezi kusimama hata kama kitongoji kizima kinamtaka. Sheria inatunyima kumtumia mtu ambaye Mungu ametupa.

Na tusidhani sharti hili linakinufaisha chama tawala peke yake. Linavinyima uhai hata vyama vya upinzani, kwa maana viongozi wake nao wanashika hatamu juu ya wabunge wao. Kati ya mwaka 2017 na 2019 tuliona wabunge na madiwani wa upinzani wakihama kwa kile kilichoitwa kuunga mkono juhudi. Kila aliyehama alipoteza kiti, uchaguzi mdogo ukaitishwa kwa fedha za umma, na baadhi yao wakarudi kwenye viti vilevile kwa kadi nyingine. Mtu hakubadilika, jimbo halikubadilika, kilichobadilika ni hema. Kila chama, chini ya sharti hili, kinakuwa taifa dogo la chama kimoja.

Majibu kwa wanaohofu

Hoja ya kwanza tunayoisikia ni Warumi 13: mamlaka iliyopo imewekwa na Mungu. Tunakubali. Lakini Paulo anaendelea kusema kwamba mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yetu. Mtumishi huulizwa hesabu. Samweli, nabii asiyekuwa na lawama, alisimama mbele ya Israeli katika 1 Samweli 12 akawataka watu waseme kama aliwahi kuchukua ng'ombe wa mtu au kupokea rushwa. Kama Samweli alikubali kuhojiwa na watu, hakuna cheo katika nchi hii kilicho kitakatifu kuliko chake.

Hoja ya pili ni kwamba wagombea binafsi wataleta vurugu, au matajiri watanunua viti. Hofu hii si ya kupuuza. Fedha zinaweza kununua mtu asiye na chama, kama zinavyoweza kununua kura za maoni ndani ya chama. Dawa yake ni masharti ya haki: saini za wapiga kura wa eneo husika, na hesabu za fedha zilizo wazi. Kenya imeruhusu wagombea huru katika Katiba yake ya mwaka 2010. Ng'ambo ya mto Kagera, Uganda ina makumi ya wabunge wasio na chama. Lakini Uganda inatufundisha pia kiasi. Chama kilichoingia madarakani huko mwaka 1986 bado kinatawala, wagombea huru wakiwapo. Kwa hiyo hatusemi mgombea huru ni dawa ya kila ugonjwa. Tume isiyoteuliwa na mshindani mmoja, wasimamizi wa uchaguzi wasiomtegemea mteule wa Rais, na mahakama isiyoogopa, hivyo vyote vinahitajika. Tunasema tu kwamba mlango huu ukiendelea kufungwa, hayo mengine yatawanufaisha wenye kadi peke yao.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni amani. Tumelelewa kuipenda, na tulio jirani na Rwanda na Burundi tumewapokea waliokimbia na tunajua bei ya kuipoteza. Lakini uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulituonyesha kitu. Chama kikuu cha upinzani hakikuruhusiwa kushiriki, na kiongozi wake alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Mshindi alitangazwa kwa karibu asilimia 98 ya kura. Siku hiyohiyo vijana waliingia barabarani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na damu ikamwagika. Wapo wazazi ambao hawajamaliza kulia. Hatuandiki haya ili kuhalalisha kuchoma mali wala kuua. Tunaandika kwa sababu amani iliyolindwa kwa kufunga mlango ilivunjika mlangoni hapohapo. Nabii Yeremia aliwakemea waliotangaza amani wakati jeraha la watu halijatibiwa. Jeraha hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo tumeieleza hapa.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Kanisa halitungi sheria, wala halipaswi kugeuka chama. Lakini lina jambo moja ambalo dola yetu haijajifunza. Katika sharika zetu tunachagua wazee wa kanisa kwa kuangalia mwenendo wao, kwa kipimo cha 1 Timotheo 3, na hatumuulizi mtu kadi. Tunakosea mara nyingine, tunachagua tena. Hiyo ni shule ya uongozi iliyo wazi kwa kila mwana kambi, nayo ipo tayari Nyaishozi, Kayanga, Nkwenda na Murongo. Tuitunze isichafuliwe na kampeni za siri na upendeleo wa koo, maana hatutaweza kuiomba serikali kile tulichokiua wenyewe.

Pili, Katiba isomwe. Ibara ya 39, ya 67 na ya 71 ni fupi. Jumuiya moja inaweza kuzisoma na kuzijadili kwa jioni moja, pamoja na Hesabu 11. Rasimu ya Warioba na Katiba Inayopendekezwa zimeandikwa kwa Kiswahili, lugha yetu, wala hazihitaji mkalimani. Siku mchakato wa Katiba utakapofunguliwa tena, watakaosikilizwa ni waliojiandaa.

Tatu, tuombe kwa majina. Tuombee chama tawala, ambacho kina watu waadilifu wengi, wakiwamo washarika wenzetu, kipate Musa ndani yake: mtu atakayemjibu Yoshua kwamba hahitaji kuonewa wivu. Mageuzi ya kweli ya serikali iliyoshikwa muda mrefu na chama kimoja huhitaji wanaogonga kutoka nje, na huhitaji pia aliye ndani akubali kwamba roho haikuwa mali yake. Na tuombee wale ambao majina yao yameandikwa katika daftari la wapiga kura kama yalivyoandikwa ya Eldadi na Medadi, wana uwezo, wana hofu ya Mungu, na bado wako kambini wakisubiri ruhusa ya kutumika.